Chanjo Zilizoganda Njiani Lesotho

Siku yangu ya kwanza kazini Lesotho, Matroni alinionyesha friji ya chanjo kabla hajanionyesha kitanda changu. Nilikuwa nimetoka Kilifi, pwani ya Kenya, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka kumi, na sweta moja tu begini. Matroni, mama mfupi mwenye sauti kubwa, aligonga kipimajoto kilichoning'inia ndani ya friji.

"Kati ya nyuzi mbili na nane, Sista. Ikipanda juu ya nane, umeharibu. Ikishuka chini ya mbili, umeharibu. Umesikia?"

Nilisikia la kwanza tu. Kilifi adui yetu alikuwa joto, na la pili niliona kama pambo la hotuba.

Ninyi wauguzi vijana mnaonitembelea hapa Missouri City, Texas, baada ya misa mna friji zinazopiga kelele zenyewe. Sisi tulitegemea mikono. Mnyororo baridi ndiyo safari ya chanjo kutoka ghalani hadi paja la mtoto bila kupata joto wala kuganda, na kila anayeishika ni kiungo kimoja. Mwezi Juni, ambao kule ni kipupwe, kiungo hicho kilikuwa mimi.

Lesotho ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na karibu yote ni milima. Matroni alitaka tuanzie kijiji cha juu kabisa kabla theluji haijafunga njia, kisha tushuke tukichanja. Dereva wa van yetu alikuwa Ntate Mohale. Ntate ni baba. Ndivyo Wasotho wanavyomheshimu mwanamume. Mimi aliniita 'M'e, yaani mama, ingawa alinizidi umri.

Kanuni ya kupakia sanduku la baridi ni kuacha vibarafu, zile pakiti za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, mezani mpaka vitoe jasho, na ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani. Nilikuwa na haraka. Nikavitia vikiwa vigumu kama matofali, nikaongeza viwili zaidi. Ntate Mohale alinitazama.

"'M'e, unapeleka barafu mlimani? Kule tunayo ya bure."

Nikacheka, nikafunga kifuniko.

Tulipanda siku mbili, barabara ikijikunja pembeni mwa majabali, tukalala misheni njiani. Tulipofika, akina mama walikuwa wameketi ndani ya kanisa la mawe, wamejifunga mablanketi, watoto migongoni. Baadhi walitoka kwao kabla ya jua. Nikafungua sanduku. Chupa moja ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ilikuwa imegusana na barafu, nayo ilikuwa ngumu kama jiwe.

Chanjo hiyo ikiganda hupoteza nguvu, na ikiyeyuka huwezi kuijua kwa kuitazama tu. Kipimo chake ni kutikisa. Niliiacha ile ngumu iyeyuke, nikaitikisa pamoja na nyingine nilizotoa kila pembe ya sanduku, nikaziweka dirishani. Nzima hubaki nyeupe kama maji ya mchele. Iliyoganda hutua upesi, na machicha hukaa chini. Zote zilitua.

Ntate Mohale alininong'oneza, "Hiyo haitamuua mtoto, 'M'e."

"Wala haitamkinga."

"Nani atajua?"

"Kifaduro kitajua."

Nilisali sala fupi, nikasimama, naye akatafsiri. Niliwaambia dawa imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Nitarudi siku ya tano.

Mama mmoja wa mbele, 'M'e Lineo, alikuwa amemzika mtoto kwa kikohozi hicho. Alimpakata mwingine. Alisema, "Muuguzi wa mwaka jana naye alisema atarudi." Wenzake wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

Juzi binti mmoja, muuguzi kutoka Haltom City, aliniuliza, "Mama, si ungesema tu fridge ilikufa? Hukuogopa kufutwa?" Niliogopa sana. Kibali changu cha kazi kilikuwa mikononi mwa Matroni. Tuliposhuka kituoni nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kilifi walikufundisha kuogopa jua," alisema.

"Ndiyo, Matroni."

"Hapa ogopa haraka yako. Pakia upya."

Alisimama kando yangu mpaka vibarafu vikatoa jasho.

Siku ya tano theluji ilikuwa imetangulia. Van iliteleza mara tatu chini ya kilele. Ntate Mohale akazima injini. "Gari limemaliza. Imebaki miguu yetu."

Tukabeba sanduku kwa zamu. Upepo ule ulikuwa baridi kuliko friji yoyote, na nikaona chanjo zitaganda tena, safari hii mikononi mwangu. Nililifunika kwa koti langu, nikaendelea. Tulipovuka kilele, wanawake watatu walikuwa wakipanda kutujia. Wa mbele alikuwa 'M'e Lineo. Hakunisalimu. Alilichukua sanduku, akaliweka mgongoni, akalifunga ndani ya blanketi lake kama mtoto.

Kanisani walikuwa wamejaa. Nilichukua sindano. 'M'e Lineo akanishika mkono.

"Tikisa kwanza. Tuone."

Nilikuwa nimebaki na ile chupa iliyoganda. Nikaitikisa pamoja na mpya, nikaziweka dirishani. Wote wakasogea, watoto wakilia, wakakaa wakizitazama. Ile ya zamani ikatua. Mpya ikabaki nyeupe.

"Sasa," alisema, akamfungua mtoto wake paja.

Nilitumikia kule miaka minne, kisha Fort Worth katika nyumba ya wazee, kisha Houston mpaka magoti yalipokataa. Wakubwa wangu walikuwa wengi, wengine wema, wengine wa kuombewa. Nawaombea wote, nafasi ninayo sasa. Lakini anayetangulia katika shukrani zangu kwa Mungu ni yule mama asiyeniamini. Tangu siku ile, kila mgonjwa aliyeniuliza kama nina hakika, hata zamu ikiwa imechelewa na msimamizi ananung'unika mlangoni, niliweka sindano chini nikaangalia tena.