Spana Alizochagua Okello

Okello alikuwa mtu wa vyuma. Katika kiwanda cha Thika alikoajiriwa akiwa kijana, na ambako ndevu zake zilianza kuota mvi, mashine ilipokohoa aliinamisha sikio kama anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani, kisha akaitisha spana. Alipenda spana kuliko wenzake walivyopenda mpira.

Kiharusi kilimkuta kanisani, kwaya ikiwa imesimama kuimba. Kilimuua mkono wa kulia, kikamlegeza mguu, kikayafagia maneno yote kinywani mwake na kumwachia moja tu: maji. Akitaka chai alisema maji. Akimwita mkewe Awiti, maji. Akiumwa na mgongo, maji. Majirani wa ploti yao pale Makongeni wakawa wanamkimbizia kikombe kila alipofungua mdomo, naye kwa adabu aliyanywa mpaka tumbo likamjaa.

Lakini kichwani hakuna kilichopotea. Alijua siku, alijua majina, alijua ni nani amefariki na nani ameoa. Nesi wa kliniki alimwambia Awiti, "Mama, huyu anaelewa kila kitu. Mwongeleshe tu vile ulikuwa unamwongelesha." Awiti akashika neno hilo. Kila jioni aliketi kando yake na kumsimulia: wasichana wa hosteli za Juja walivyotaka mitindo ambayo nywele zao haziwezi, yule wa Kahawa Wendani aliyelala usingizi akisukwa akaanguka kitini. Okello alicheka kwa upande mmoja wa uso. Hicho ndicho kilichombakisha duniani: kwamba kuna mtu mmoja aliyejua bado yumo ndani.

Awiti alikuwa msusi wa kuwafuata wateja walipo, na alikwenda kwao kwa skuta, mfuko wa rasta ukiwa katikati ya miguu. Zamani Okello aliihudumia mwenyewe mbele ya mlango kila Jumamosi. Alipougua, kisanduku chake cha vifaa kilichokaa chini ya kitanda kikauzwa na Ronny, mdogo wake Awiti, ili Okello apate fedha za kulazwa. Hakuna aliyemwambia. Aligundua siku aliyorudi nyumbani, mguu wake ulipoingia uvunguni ukakuta nafasi tupu.

Tangu hapo Awiti akawa anapeleka skuta kwa mafundi wa barabarani. Mmoja alitoa plagi mpya akarudisha kuukuu. Mwingine aliiharibu kabureta kiasi kwamba ilizimika kila alipopunguza mafuta. "Wakiona ni mwanamke wanaona ni shamba la kuvuna," Awiti alilalamika akivua viatu. "Halafu sasa breki ya nyuma nayo. Nabana mpaka mwisho, ndiyo inashika kidogo."

Okello alikuwa ameshaisikia. Kila jioni skuta ilipoingia getini, gurudumu la nyuma lililia kwa sauti kavu, na alijua kitambaa cha breki kimekwisha, sasa ni chuma kinakula chuma. Alisema maji. Awiti akanyanyuka.

Wiki hiyo hiyo Awiti akaamua. "Baba Cindy, nitajifunza hii kazi mwenyewe. Ronny amesema kuna mtu Ruiru anauza vifaa bei ya chini. Twende sote, wewe ndiye unajua."

Wewe ndiye unajua! Okello alibeba maneno hayo moyoni kama mtu aliyeitwa kazini tena. Akajipangia kichwani vinavyohitajika, wala havikuwa vingi. Ili kufikia breki ya nyuma lazima bomba la moshi litoke kwanza, na bolti zake zilikuwa na kutu ya miaka. Bolti ya namna hiyo haitaki spana ya mdomo wazi inayoishika pande mbili tu. Inataka ringi inayoizunguka pande zote, ya chuma kigumu. Kisha soketi moja yenye pembe sita na mkono mrefu kwa ile nati kubwa ya gurudumu, na bisibisi isiyopinda ncha. Basi. Mtu wa nyumbani hahitaji zaidi.

Duka la Njau pale Ruiru lilikuwa kibanda cha mabati kilichotazama barabara. Mbele yake, juu ya meza, vilipangwa visanduku vya plastiki vilivyofunguliwa, spana zikimetameta ndani yake kama vijiko vya harusi. Chini, juu ya gunia, kulikuwa na rundo la vyuma vya mtumba, vyeusi kwa grisi.

"Karibu mathe, karibu mzee," Njau alisema. "Hii seti ina kila kitu. Soketi, spana, plaisi, mpaka tochi."

Okello hakuitazama meza. Alijishusha polepole akiegemea fimbo mpaka goti lake zima likagusa chini, na mkono wa kushoto ukaingia kwenye rundo. Alichomoa spana ya ringi, akaipima uzito, akapitisha kidole gumba ndani ya meno yake. Hayakuwa yamelika. Akaiweka kando. Akachomoa nyingine, akaitupa, akachomoa ya tatu. Akaipata soketi ya pembe sita, nzito, jina la kiwanda limechongwa ndani ya chuma si kupakwa juu. Kwa mara ya kwanza tangu augue, kiganja chake kilikuwa kimeshika kitu alichokijua.

"Ala, shemeji!" Ronny alicheka, si kwa ubaya. "Unaokota skrepa? Sista, cheki hii seti ni mpya kabisa. Bei ni karibu sawa na hivyo vyuma vyake vichache, na hapa unapata kila kitu."

Awiti alichuchumaa mbele ya mumewe. "Baba Cindy, hizi ni za kale. Zina kutu."

Kutu ya juu tu! alipiga kelele ndani yake. Chuma chake ni kizima! Zile za mezani ni laini kama nta, zitatanuka kwenye bolti ya kwanza! Akainua spana kwa mkono wake mmoja, akamsukumia mkewe kifuani, mate yakamtoka kwa kujitahidi, na kilichotoka kinywani kilikuwa, "Maji. Maji, maji!"

"Mzee ana kiu," alisema Njau. Akaingia kibandani, akarudi na chupa.

Awiti alimtazama mumewe. Alisita, Okello aliona kabisa kwamba alisita. Kisha akamshika mkono kwa upole, akaitoa ile spana vidoleni na kuirudisha kwenye gunia pamoja na vingine alivyochagua. Wakanunua seti. Okello akanywa maji.

Jumamosi asubuhi wakaitoa skuta uani. Awiti alikaa juu ya kigoda, akaiweka spana mpya kwenye bolti ya kwanza ya bomba la moshi, akavuta. Spana ikateleza. Akairudisha, akavuta kwa mwili mzima. Okello, akiwa kwenye kiti chake mlangoni, alisikia ule mlio mdogo anaouchukia kila fundi: mdomo wa spana umejitanua, na kona za bolti zimekatika. Ronny akajaribu soketi, nayo ikapasuka ubavuni. Akachukua plaisi. Akachukua nyundo. Bolti ikabaki mviringo kama kifungo, haishikiki na chochote, na bomba likabaki limelegea upande mmoja.

"Imegoma," Ronny akasema akifuta jasho. "Lakini breki ya mbele inashika fiti. Endesha tu pole pole, tutaona wiki ijayo."

"Jumatatu nina mteja wa harusi Juja," alisema Awiti. "Siwezi kukosa."

Okello alisikia neno hilo likimwingia kama baridi. Mwanamke mwenye breki ya mbele peke yake, kwenye mchanga wa ile barabara ya kwenda Juja! Alisubiri waingie ndani kunywa chai. Akanyanyuka, akajikokota mpaka kwenye skuta, akachomoa ufunguo. Kwa mkono mmoja na mguu mlegevu hakuwa na mahali pa kuuficha ambapo wasingeupata. Akaenda mpaka chooni nyuma ya ploti, akautupa ndani ya shimo.

Awiti alimkuta akitoka. Alipoelewa alichofanya alisimama mikono kichwani.

"Kwa nini? Baba Cindy, kwa nini? Unajua hiyo ndiyo inatulisha?"

"Maji," alisema Okello, machozi yakimtiririka. "Maji."

"Sista, kubali tu," Ronny alisema kwa sauti ya chini. "Akili imeanza kuenda."

Awiti hakumkatalia. Hilo ndilo lililomkata Okello, kuliko kiharusi chenyewe. Mkewe alimshika kiwiko na kumrudisha kitini, akasema taratibu, akitamka kila neno peke yake, kama anavyoongeleshwa mtoto wa chekechea: "Usifanye hivyo tena. Sawa? Ni vibaya. Sawa?"

Jioni hiyo hakuketi kando yake kusimulia. Aliwasha redio, akampa chakula, akamfuta mdomo.

Ronny aliunganisha nyaya chini ya usukani, na Jumatatu skuta ikawaka bila ufunguo. Okello alikuwa mlangoni. Alinyoosha mkono wa kushoto akamshika mkewe nguo. Awiti alivifungua vidole vyake bila hasira, kimoja kimoja, akaondoka.

Karibu na kona ya Juja mkokoteni wa maji ulikatiza mbele yake. Alibana breki zote mbili. Ya nyuma haikushika kabisa, ya mbele ikashika yote kwa mara moja, na gurudumu likachomoka chini yake kwenye mchanga uliotandaa juu ya lami. Waliomwinua walimkuta ameulalia mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kimevunjika vibaya, na vidole viwili vimepondwa kati ya usukani na lami.

Alirudi nyumbani na plasta ngumu mkononi hadi kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amemwambia kwa uwazi kwamba mkono utapona lakini vidole vile havitakunjika tena sawasawa. Kusuka hakutawezekana. Aliketi kitandani karibu na mumewe.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Pale Ruiru ulikuwa unaniambia. Na ufunguo pia. Ulikuwa unajua yote."

Okello angetoa mguu wake mzima uliobaki ili asiwe amejua. Awiti alilia bila sauti, na Okello hakuwa na mkono wa upande ule wa kumkumbatia.

Wateja wakapata wasusi wengine. Skuta ilichukuliwa na mtu wa skrepa. Mwezi haukuisha kaka yake Okello akapiga simu kutoka Siaya, akasema wamlete mgonjwa nyumbani, kwa kuwa kule angalau kuna watu wa kumgeuza na kumwosha. Awiti angebaki Makongeni atafute kazi yoyote ya mkono mmoja.

Asubuhi ya safari Awiti alimtolea Okello shati lake la kanisani. Alisimama mbele yake na mkono wake wa kushoto, naye Okello akaleta wake wa kushoto. Awiti akashika tundu, Okello akashika kifungo. Cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliwatoka, kikawatoka tena. Nje dereva alipiga honi. Awiti akaliachia shati likiwa wazi kifuani, akamvika koti juu yake, wakatoka.