Nani Kaachia?

Nilihamishiwa Kasulu kufundisha kemia, na kabla sijamaliza kufungua mabegi nikawa nimeingia kwenye bendi ya metali, ule muziki wa roki wa makelele. Tulikuwa watatu. Ngoma alipiga fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mikono yake ilishazoea kugonga chuma. Gitaa alipiga mwalimu wa jiografia, kwa kasi kama mtu anayejikuna upele. Mimi, mwanamke mfupi wa Tanga niliyelelewa kwa kaswida, ndiye niliyeimba, yaani nilinguruma.

Nyimbo zetu zilikuwa za kipuuzi na hatukuona haya. Uliopendwa zaidi ulimhusu bosi aliyejamba kikaoni, watumishi wakabaki kumsifia hewa safi:

Nani kaachia? Mkubwa kaachia!
Madirisha yamefungwa, bendera yapepea!

Jumamosi moja mchana tuliupiga karibu na soko. Akina mama wauza maharage walicheka mpaka wakakalia magunia yao. Jumatatu mkuu wa shule akaniita. Mzazi mmoja alikuwa amelalamika kwamba mwanawe anaimba matusi wakati wa kula.

"Mwalimu, hayo maneno yakoje?"

"Ni utani tu, mkuu."

"Basi utayasoma kwenye kikao cha walimu, tuamue wote kama ni utani."

Siku hiyo hiyo nikasimama mbele ya wenzangu, karatasi mkononi. Nilisoma kwa sauti ile ninayosomea kanuni za maabara, nikidhani itapunguza makali. Ndiyo kwanza ikaharibu. Nilipofika kwenye bendera, mwalimu wa dini, mzee wa Kiha ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, aliinama kama anayetafuta kalamu chini ya meza. Mabega yakaanza kumcheza. Alipoinuka, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Samahani, mwalimu. Hebu rudia hapo pa madirisha."

Chumba kizima kikalipuka. Mkuu peke yake alikaza uso.

"Huyo mkubwa ni mimi?"

"Hapana, mkuu. Madirisha ya ofisini kwako hayafungiki."

Akapiga meza kwa kiganja na kucheka kuliko wote. Akatoa uamuzi: eneo la shule marufuku, kwingine shauri yetu.

Miezi saba nilikuwa nimeishi pale nikisalimiwa kwa adabu na kuachwa nipite. Wiki ile nilialikwa kula katika nyumba tatu. Kwa mara ya kwanza niliona nina watu.

Tulipokwenda kupiga Kibondo, walimu wanne walitufuata. Mwalimu wa dini alisimama mbele kabisa, kofia mkononi, na kila kibwagizo kilipofika aliongeza mstari wake kwa Kiha. Watu wakawa hoi kwa kicheko. Tulipopumzika nilimuuliza fundi, mpiga ngoma wetu ambaye naye ni Muha, yule mzee anasema nini.

"Dada," akasema akijifuta jasho, "hilo mimi sikutafsirii."