Maji Hayakimbii Hivyo

Pikipiki iliwazimikia kabla hawajafika Lanet. Walimwacha dereva akiipiga teke na kuilaani, wakashika njia kwa miguu. Nakhumicha alitangulia. Nyuma yake alikuja Hiram, mwandishi aliyezunguka miji mingi lakini hakuwahi kukanyaga Nakuru hadi juzi. Alikuja kuandika juu ya filamu ya kutisha iliyotengenezwa na vijana wa hapa, nao walimwomba ampitie mama mwenye nyumba, waje pamoja kwenye onyesho.

"Nyumba gani, mama?" aliuliza akihema.

"Ile zimwi lao linakaa. Ni yangu."

Nyumba hiyo aliijenga na mumewe, marehemu Ogola, kwa kiinua mgongo cha kiwandani. Ziwa lilipoanza kupanda halikuja kwa fujo. Kwanza sukuma wiki ilinyauka kwa kulowa. Kisha choo kikajaa. Kisha asubuhi moja akasikia karai likielea chini ya kitanda. Majirani walihama kwa kubomoa: huyu aling'oa mabati, yule madirisha. Yeye aling'oa mlango wa mbele, wa chuma, wa buluu, akaupeleka kwenye chumba alichopanga kwa Becky. Huko umeegemea ukuta hadi leo, umekula nafasi ya kitanda cha wageni. Becky anautamani kwa banda lake la kuku. Kila akiuomba hujibiwa vilevile: "Maji yakirudi, nitafunga nyumba na nini?"

Jumapili baada ya ibada, Nakhumicha hushuka ziwani kuangalia kuta zake. Ukisimama ufukoni zinaonekana karibu tu, kama mtu unayeweza kumwita akaitika. Dada yake wa Bungoma amechoka kumwambia arudi nyumbani. Hatarudi ilhali kiwanja anacho hapa.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Muturi, kijana aliyeiongoza filamu, alimpa kiti cha mbele. "Karibu mathe, leo wewe ndiye staa."

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kitu kilianguka kutoka angani, kikatumbukia ziwani, maji yakavimba, kikaanza kuingia katika nyumba za watu. Kilipotokea mara ya kwanza, ukumbi mzima ulipiga mayowe. Mara ya pili kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Wee! Hiyo kitu imevaa gambuti!"

Kweli, gambuti nyeusi zilionekana chini ya manyoya ya zimwi.

"Imetoka Molo kuvuna viazi!" mwingine akadakia, na watu wakavunjika mbavu. Muturi alifunika uso kwa mikono.

Nakhumicha naye alicheka hadi machozi. Kisha akaiona nyumba yake. Walikuwa wameitia mlango wa mbao, mpya, na familia iliyokimbia ilikuwa imeufunga kwa kufuli.

"Uongo!" aliwaambia wa safu yake. "Nani anakimbia maji akaacha mlango? Wangu uko kwa Becky!"

Lakini ndani ya nyumba hiyo, kabla zimwi halijatokea, kamera ilitulia gizani na karai likasikika likigonga ukuta. Ngo. Kimya. Ngo. Nakhumicha aliacha kucheka. Hapo hawakuwa wamedanganya hata kidogo.

Kisha kamera ikapaa. Walikuwa wamekodi ile inayoruka kama ndege. Paa za jirani zilipita chini yake, kisha vichwa vya miti mikavu, kisha maji matupu, na yeye akangoja nyumba yake kwenye ukingo alikozoea kuiona. Haikuwa ukingoni. Ilikuwa ndani sana, punje ya saruji katikati ya maji, na ng'ambo yake ziwa liliendelea bila kuonyesha linakoishia. Zimwi halikuwapo wala muziki. Hakuna aliyepiga mayowe. Nakhumicha alishika mbao za kiti.

Mwishoni shujaa aliliunguza zimwi kwa waya wa stima, na maji yakarudi ziwani kwa kasi kama beseni lililomwagwa. Watoto wakafagia nyumba. Ukumbi ukapiga makofi.

"Mathe," Muturi alisema, "tuambie. Nzuri ni wapi, mbaya ni wapi?"

Alisimama. "Mnyama wenu anakimbia sana. Maji hayakimbii hivyo. Yanakungoja uzoee, halafu yanasogea. Na hapo mwisho, hapo mmetudanganya."

"Ilibidi watu waende nyumbani na furaha, mathe."

"Nyumbani wapi?" aliuliza. "Pazuri ni pale juu. Pale mlipoonyesha kila kitu bila mnyama. Afadhali msingenionyesha."

Alitoka nje, akampigia Becky simu. "Ule mlango, chukua. Ndiyo, wa buluu. Hapana, sitaki kitu. Utoe leo, nikirudi nisiukute."

Hiram alimfuata hadi langoni. "Unaenda wapi, mama?"

"Kufunga vitu. Kesho niko Bungoma."

"Labda maji yata..."

"Wewe rudi ndani," alimkatiza, bila ukali. "Wanaonyesha tena, na hujaandika."

Hiram alibaki ameshika lango. Nakhumicha aliifuata barabara ya Nairobi kuelekea mjini. Nyuma yake, kupitia blanketi za madirisha, watu wapya walikuwa wameanza kupiga mayowe.