Hodi ya Mwalimu

Nikigongewa mlango hadi leo, masikio yangu humtafuta mwalimu wetu. Hakuwahi kuingia darasani bila kupiga hodi. Sisi tulikuwa watoto wa hasira na hofu, shule nyingine zilishatutimua. Tulizoea kufungiwa milango, si kuombwa ruhusa. Aligonga taratibu kwa kidole chenye vumbi la chaki, kisha ile sauti ya kukwaruza: "Hodi wenyewe?" Bila mmoja wetu kusema karibu, haingii ng'o.

Asubuhi moja ya mvua, yule mwenzetu tuliyemwita Baruti aliamka na kisirani. "Hatukutaki! Rudi kwenu!" akafoka. Tukakodolea mlango macho, roho mkononi.

"Haya baba, nipo hapahapa," mwalimu akajibu. Tukamsikia akikohoa, akiimba chinichini, akikung'uta maji kwenye mkoba. Mvua ikazidi. Baruti akasonya, akainuka, akafungua mlango.

"Karibu basi. Utaugua, halafu watuletee mwingine."

Mwalimu akafuta miguu kwenye gunia mlangoni, kama mgeni. "Ahsante, mwenyeji wangu."

Baruti akampokea mkoba uliolowa, akamvutia kiti.