Zamu ya Babu Mwongo

Mwaka mmoja mvua iliponyesha vizuri, baba yangu aliuza pamba akanunua baiskeli nyeusi yenye karia kubwa. Breki zake zilidumu kama majuma mawili. Jumapili moja akawa anateremka kuingia Samuye, kijijini kwetu, na chini kabisa, katikati ya njia, wanakwaya walikuwa wameweka meza ya chai. Baba akapaza sauti, "Pisheni, sina breki." Wanakwaya wakageuka, wakamtazama, wakaendelea kumimina chai. Mama mmoja alisikika akisema, "Si Mwongo huyo?" Hakuwa anatukana. Ndilo jina letu. Baba alipita na meza, birika na nusu ya sauti ya pili, akaenda kusimama ndani ya uzio wa minyaa.

Najua nimeanza mbali. Shule niliishia darasa la pili, na somo la namna ya kuanza hadithi sikulifikia. Lakini habari ya baiskeli mtaikuta tena mbele, kwa hiyo iegesheni mahali.

Mimi ni Shija Mwongo. Babu yangu, Lubango, ndiye aliyeleta jina hilo. Alifika Samuye akiwa kijana, peke yake, akitokea magharibi, akaoa kwa Wasukuma, akakaa. Kila alipoulizwa yeye ni nani, alijibu, "Nene nali Nlongo," yaani, mimi ni Mlongo. Karani wa kodi wa enzi hizo alikuwa mtu wa pwani, na huko kwao mwongo wanamwita mrongo. Alishajua kwamba kwa Wasukuma r ikifika mdomoni inageuka l, kwa hiyo akasikia Mrongo. Akamhurumia mtu anayekiri hadharani namna ile, akamwandika: Mwongo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza babu kwao ni wapi. Ukishajua mtu ni mwongo, jibu lake utalipeleka wapi?

Mambo yakaenda hivyo mpaka mjukuu wangu Kabula alipopata mchumba kutoka Didia. Wazee wa mchumba wakaja, wakiongozwa na Mzee Masanja, mtu mrefu anayeongea polepole kama anayevuka mto. Akauliza, "Ninyi ni ukoo gani? Tusije tukaoa dada yetu." Nikajibu kwamba sisi ni Wasumbwa. Masanja akatikisa kichwa. "Shija, kwenye msiba wa baba yako ulisema Wasumbwa. Kwenye harusi ya Kulwa ukasema Wazinza. Mimi nilikuwepo kote."

Ni kweli. Kwenye harusi ya Kulwa Wazinza ndio waliokuwa wanapakua pilau.

"Tutarudi Jumamosi ya pili," Masanja akasema. "Ukiwa na ukoo, tutazungumza ng'ombe. Ukiwa huna, binti abaki kwenu, na sisi tubaki kwetu."

Walipoondoka Kabula hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alinifungia michembe kwenye kitambaa, ile ya viazi vikavu, akaniambia, "Babu, nenda ukatutafute. Na usituokote njiani tu, tutafute kweli."

Jumatatu alfajiri nilipanda mchomoko, vile vigari vidogo vinavyobeba abiria wa kila aina. Tukapita Didia, nikajikunyata kwenye kiti nikidhani Masanja ananiona. Kisha Tinde, kisha Kahama. Niliila ile michembe yote njiani. Anayeijua michembe anajua inachofanya tumboni, na abiria wenzangu waliijua kabla ya Isaka. Dereva alifungua vioo vyote bila kuuliza ni nani.

Kahama nilifikia kwa Mama Tatu, binti wa mdogo wangu, anayeuza chai na maandazi njia ya kuelekea Buzwagi, kule kwenye mgodi mkubwa. Anaishi na mama mkwe wake, bibi wa Kinyamwezi asiye na jino lakini mwenye maneno. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamweleza shida yangu.

"Wewe Msukuma tu," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Umetoka upande gani?"

"Kaskazini."

"Basi. Sukuma maana yake kaskazini. Kwetu anayetoka kaskazini ni Msukuma. Hata mbuzi."

"Na sisi ninyi tunawaita Wadakama, watu wa kusini," nikamjibu.

"Unaona? Hakuna kabila hapa, kuna pande tu. Kunywa chai."

Nikanywa. Sikuwa na la kufanya, nikaanza kumsimulia vituko vya babu. Jinsi alivyokuwa akienda mnadani na kushika kila jembe, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza kama anayesikiliza mtoto mwenye kifua, kisha akalilamba. Sisi wajukuu tulikuwa tunajificha kwa aibu. Wenye majembe walimfukuza.

Bibi akaacha kutafuna andazi. "Alilamba?"

"Alilamba."

"Na alisema yeye ni nani?"

"Mwongo. Yaani yeye mwenyewe alikuwa anasema Mlongo, lakini ndiyo hiyo hiyo."

Yule bibi alicheka mpaka Mama Tatu akaja na maji. Alipopata pumzi akaniambia, "Pumbavu mkubwa wewe, mwenye mvi zako. Walongo ni watu. Ni wafua chuma wa kule Geita. Bibi yangu aliolewa kwa majembe yao. Babu yako maisha yake yote aliwaambia ukweli, na ninyi mkamjibu, tunajua, wewe ni mwongo."

Niliweka kikombe chini. Nilimkumbuka babu akilisema lile neno kizingitini, kila siku sauti ikizidi kuwa ndogo, na sisi tukicheka.

Jumanne asubuhi nikashika basi la kwenda Katoro, kupitia Masumbwe na Runzewe. Udongo ukaanza kubadilika, ukawa mwekundu, na watu nao wakawa wekundu. Katoro kelele ni za karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kila ninayemuuliza habari za Walongo ananiuliza kwanza kama nina duara, yaani shimo la kuchimbia. Nikijibu sina, anapoteza hamu. Mmoja aliniuliza, "Mzee, unatafuta nini hasa huku?" Nikasema natafuta babu. "Yuko mita ngapi?" akauliza.

Mwishowe mwenye bodaboda mmoja akasema anajua zinakotengenezwa sururu za wachimbaji. Akanipeleka kijiji kimoja ndani, ambako ardhi imejaa vipande vyeusi, makapi ya chuma cha zamani, mpaka kuku wanatembea kwa uangalifu. Mbele ya nyumba alikaa mwanamke mzee sana akichambua mchicha. Nikamwamkia. Nikasema mimi ni mjukuu wa Lubango, aliyekwenda mashariki.

Hakuitikia salamu. Alinitazama, akaweka mchicha chini, akauliza, "Amekojoa?"

Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Lakini hakuwa amenichanganya. Aliitwa Kalunde, mtoto wa mdogo wake babu, kwa hiyo kwangu ni shangazi. Akanieleza kwamba Lubango alikuwa kwenye zamu ya mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, tanuru likiwa limeshapandwa na mori. Akaaga anakwenda kukojoa. Moto ukafa, chuma kikaharibika, na mpaka leo mtu akichelewa katika ukoo ule wanasema amekwenda haja ya Lubango.

"Sisi ni Walongo kweli, shangazi?"

"Wewe bado una deni la zamu," akasema. "Lukas, njoo."

Lukas, mwanawe, ni mtu mzima wa ndevu, na yeye ndiye mfua sururu. Siku hizi hapulizi kwa ngozi ya mbuzi. Amefunga gurudumu la baiskeli kwenye feni ya bati, unazungusha pedali kwa mkono, upepo unaingia kwenye makaa. Nilipoiona baiskeli ile niliangalia kwanza kama ina breki.

"Kaa umalizie," shangazi akaamuru.

"Nina miaka mingi, shangazi."

"Yeye alikuwa na michache, akakimbia. Kaa."

Nikakaa. Nilizungusha tangu jua likiwa utosini mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia miguuni. Mkono wa kulia ukachoka, nikatumia wa kushoto, wa kushoto ukachoka, nikatumia maneno. Nilipoomba kwenda haja, wanawake wote wa boma lile walisimama. Lukas akanisindikiza, akanishika shati kwa nyuma muda wote.

Tuliporudi chuma kikatoka chekundu, Lukas akafua jembe, akalipoza. Shangazi akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza, akalilamba. Kisha akanipa nami nilambe. Lina ladha ya damu na ya moshi. Nilijua mara moja kwamba ni zuri, na sijui nilijuaje.

"Zamu imeisha," akasema. "Nenda. Aga vizuri."

Ijumaa nilikuwa Samuye na jembe begani. Jumamosi wakaja Masanja na wazee wake. Nikawaambia sisi ni Walongo, nikawaonyesha jembe, nikawaeleza habari za karani. Masanja akalipokea, akaligeuza.

"Sisi hatuna damu na Walongo," akasema. "Hilo ni jema. Lakini Mlongo haachi tanuru. Huyu wako alifukuzwa kwa nini? Aliiba? Aliua?"

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa na uongo mzuri, niliutunga kuanzia Tinde: vita, simba, na babu akimwokoa mtoto wa mtemi. Nikamtazama Kabula, nikakumbuka alichoniambia kuhusu kuokota njiani. Nikawaambia ukweli. Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kukohoa, na kikohozi kikageuka kicheko. Masanja aliinamisha kichwa mpaka mabega yakatikisika.

"Mwongo," akasema akijifuta macho, "hawezi kumsingizia babu yake jambo kama hilo. Haya, tuzungumze ng'ombe. Lakini kwanza tusimulie tena alivyoondoka."

Nikawasimulia kama shangazi alivyosikia kwa baba yake, aliyekuwepo. Kulikuwa kunaimbwa. Babu akaacha kuimba katikati ya mstari, akamwambia mdogo wake, shika hapa, nakwenda kukojoa, narudi sasa hivi. Akajipangusa mikono. Akafika kichaka cha kwanza, ambacho kilikuwa kinatosha. Akakipita. Akafika cha pili, kinene zaidi, wakadhani ana aibu. Akakipita nacho. Mdogo wake akapaza sauti, "Lubango, hapo panatosha." Babu akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia, na akaendelea kutembea.