Masikio ya Sungura wa Kiwanda cha Dripu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa chumba cha sungura kwa kupiga mluzi. Nilikuwa nimetembea kutoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga hadi kiwanda cha dripu kule Industrial Area, kijana mwenye furaha ya kuandikwa kazi, nikaingia midomo imechongoka. Mkuu wa maabara, mama mfamasia tuliyemwita Madam, akanishika mkono akanitoa nje polepole.

"Wafula, sungura akishtuka joto lake hupanda. Ukimshtua, kipimo kinatudanganya."

Nyinyi vijana chekeni tu, lakini sungura hao ndio waliowalinda wazazi wenu. Kila mzigo wa dripu, kabla ya kwenda hospitali, tulichukua kidogo tukawadunga sungura watatu kwenye mshipa wa sikio, kisha tukawapima joto kwa saa kadhaa. Wakipata homa, mzigo unamwagwa. Bakteria hata wakifa kwa kuchemshwa huacha mabaki, na mabaki hayo yakiingia kwenye damu ya mgonjwa ni balaa.

Nilianza kwa kulisha na kufagia, nikapandishwa hadi kupima. Hapo ndipo Madam aliponifungua macho, nami nikasisimka hadi nikasahau chai. Alinieleza kwamba chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayosimamia joto la mwili. Mabaki yale yakiingia, mwili hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, nayo huiambia sehemu ile ipandishe kiwango. Ubongo ukishaamini kwamba nyuzi thelathini na tisa ndiyo sawa, thelathini na saba unaiona baridi. Basi unabana mishipa ya ngozi joto lisitoke, na mtu anatetemeka, anadai blanketi, kumbe anachemka. Aspirini huzuia kemikali hiyo isitengenezwe, ndiyo maana homa hushuka. Jamani, hadi leo nikilieleza jambo hili mwili unanisisimka.

Mwishoni mwa miaka ya sabini kuhara kuliingia mitaani kwetu Eastlands. Binti yangu Nekesa, hata miaka miwili hajatimiza, alilazwa amelegea, macho yameingia ndani. Mke wangu akanitumia habari kiwandani: dripu zimeisha wodini, wanangoja lori letu. Mzigo ulikuwa tayari, umebaki kupimwa tu. Na alasiri hiyo joto la sungura wote watatu likapanda.

Meneja wa kiwanda aliingia akijipepea. "Ni haya mabati ya paa, Madam. Hata mimi joto limenipanda. Lori liko mlangoni."

"Huenda," Madam akasema. Akanigeukia. "Wafula, najua mtoto wako yuko wapi. Shika masikio uniambie."

Nilijua maana yake. Sungura aliyechomwa na joto la paa hulitoa kupitia masikioni. Mishipa hufunguka, masikio huwa moto. Lakini kama ni homa, ubongo umeshaamua kuweka joto, mishipa imebanwa: mwili moto, masikio baridi. Naapa sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani masikio ya moto siku ile. Nikashika ya sungura wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote yalikuwa baridi kama majani ya sukuma wiki yaliyotoka kuoshwa.

"Ni baridi," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wakubwa.

Meneja akavua koti, akaja kumwaga mzigo pamoja nasi. Tukaosha matangi, tukatengeneza mzigo mwingine, na kesho yake sungura wengine wakatulia, masikio vuguvugu. Nilipanda lori hilo mimi mwenyewe. Nilimkuta mke wangu akimnywesha Nekesa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, midomo ya mtoto imepasuka. Dripu ikaingia, na jioni mtoto akalia kwa machozi, maana maji yalikuwa yamemrudia mwilini. Sijasikia kilio kitamu kama kile.

Nilistaafu nikahamia mtaa wa Mowlem. Siku hizi kipimo hufanyika ndani ya kichupa, sungura wamepumzika, nami nafurahi kwa ajili yao. Lakini nyumbani neno halikuisha upesi.

"Baba Nekesa, ulikuwa na dripu ya mtoto mkononi, ukaimwaga," mke wangu alikuwa akinirudia.

Siku moja nilimjibu, na neno likaishia hapo.

"Mama Nekesa, na dripu ile ya homa lori lilikuwa linampelekea nani?"