Muuza Vyungu wa Matema

Juzi juzi nilikwenda likizo ufukweni, nchi ya watu, nikiwa hoi kwa kazi. Nikajilaza mchangani, lakini jua likanichoma usoni hadi usingizi ukakatika. Ndipo nikamkumbuka muuza vyungu wa Matema.

Nilipokuwa mtoto, mama alinipeleka kutembea ziwani Matema tulipomaliza kuvuna mpunga kule Makwale. Kanga yake ilinuka moshi na majani makavu ya mpunga. Tulipofika tu alijinyoosha mchangani, akalala. Niliogopa, maana kwetu aliyelala mchana alikuwa mgonjwa.

Mama mmoja wa Kikisi, wale wafinyanzi wa pale ziwani, akaja na vyungu kichwani. Nikataka kumwamsha mama.

“Mwache alale, mwanangu,” akaninong'oneza.

Akatua vyungu, akaketi karibu kabisa, kivuli chake kikamwangukia mama usoni. Jua liliposogea, naye akasogea. Nilimwona king'ang'anizi, anavizia mteja aamke anunue. Jua lilipopoa alijitwika vyungu vyake vyote, akaenda zake.

Baadaye mama aliamka, akapiga mwayo.

“Leo jua lilikuwa na huruma,” alisema.

Nikamwitikia, “Ndiyo, mama.”